Fungate ya pili, mtoto akiwa njiani

Swali huulizwa hivi: mjamzito anaruhusiwa kusafiri? Majibu nayo humiminika kutoka kila upande. Mama mkwe anasema mimba na safari havipatani. Shoga yako anasema alipanda ndege akiwa na miezi minane na mtoto wake ni mzima wa afya. Mwingine anasimulia ya ndugu yake aliyerushwarushwa barabarani, mimba ikatoka siku ya pili. Mke na mume waliokuwa wamepanga siku nne za kupumzika wanabaki kutazamana. Mwishowe hawaendi, au wanaenda huku hofu ikiwa mzigo mzito kuliko mabegi.

Naamini swali lenyewe huulizwa vibaya. Kwa mimba isiyo na matatizo, ni nadra safari yenyewe kumdhuru mama au mtoto. Hatari inatokana na mambo yanayoweza kumpata mjamzito yeyote, hata aliyelala kitandani kwake: kutokwa damu, presha kupanda, uchungu kuanza kabla ya wakati, homa. Aliye nyumbani anajua hospitali iko wapi, nani atampeleka usiku wa manane, na mkunga gani ana faili lake. Aliye safarini hajui, isipokuwa ameuliza mapema. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: jambo likitokea tukiwa huko, tutaufikiaje msaada, na baada ya muda gani? Ukianza na swali hilo, mengi yaliyokuwa yamefungamana huanza kufumuka moja baada ya jingine.

Wiki, si miezi

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi hukwama. Hospitali na mashirika ya ndege hayahesabu miezi. Yanahesabu wiki, tena kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Mimba kamili ni wiki 40. Anayesema "nina miezi sita" anaweza kuwa na wiki 23 au 27, na tofauti hiyo ya wiki nne inatosha kukufanya upande ndege bila maswali au urudishwe kaunta. Muulize mkunga wako: leo nina wiki ngapi na siku ngapi? Kisha hesabu hadi siku ya kurudi, si siku ya kuondoka. Wapo waliokwenda bila tatizo wakazuiwa kurudi.

Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani kinasema kipindi bora cha kusafiri ni kati ya wiki ya 14 na ya 28. Sababu inaeleweka. Katika wiki za mwanzo kuna kichefuchefu na uchovu wa kukuangusha ukiwa umekaa, na mimba nyingi zinazotoka, takriban asilimia 80, hutoka katika miezi mitatu ya kwanza. Katika wiki za mwisho mwili umekuwa mzito, na matatizo makubwa kama presha ya mimba na uchungu wa mapema huongezeka. Katikati pana utulivu: hamu ya chakula imerudi, tumbo limetokeza lakini bado unafunga viatu vyako mwenyewe.

Mimi ningebana zaidi na kuchagua kati ya wiki ya 20 na ya 26. Kipimo kikubwa cha altrasaundi, kile kinachomkagua mtoto kiungo kwa kiungo, hufanywa kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kinaonyesha pia kondo la nyuma limejishikiza wapi. Kondo likiwa limeziba mlango wa mji wa mimba, unaweza kutokwa damu nyingi ghafla bila maumivu yoyote, na hilo ni jambo la kulijua ukiwa bado nyumbani. Anayesafiri wiki moja kabla ya kipimo anaondoka bila kujua jambo ambalo angeambiwa kwa kusubiri siku saba tu. Panga kipimo kwanza, safari baadaye.

Wapo wasiopaswa kwenda mbali hata katika kipindi hiki, na hilo linaamuliwa na daktari, si na hamu. Ni pamoja na waliotokwa damu hivi karibuni, wenye kondo lililoziba mlango, wenye presha isiyotulia, waliowahi kujifungua kabla ya wakati, walioshonwa mlango wa mji wa mimba, na wenye upungufu mkubwa wa damu. Mwenye selimundu (sikoseli) azungumze na daktari wake kabla ya kufikiria ndege, hasa kama alipata maumivu makali ya ugonjwa huo siku za karibuni. Mwenye mapacha ana dirisha fupi zaidi, kwa sababu mapacha hupenda kuwahi.

Kabla sijaendelea, nirudi kwa yule ndugu aliyerushwarushwa barabarani, kwa sababu hadithi yake imewaumiza wanawake wengi. Mimba zinazotoka mapema, nusu au zaidi, hutoka kwa sababu kromosomu za kiumbe hazikujipanga sawasawa tangu siku ya kutungwa. Mara nyingi kiumbe huwa kimeshaacha kukua siku kadhaa kabla damu haijaonekana. Mashimo ya barabarani hayafiki huko. Mtoto wa wiki chache amekaa ndani kabisa ya nyonga, amezungukwa na mfupa na misuli, na anaelea ndani ya maji. Ajali ya gari ni jambo jingine, na pigo la moja kwa moja tumboni ni jambo jingine. Lakini mtikisiko wa kawaida wa safari hautoi mimba. Mwanamke aliyepoteza mimba baada ya safari, akaishi miaka akijilaumu kwa kupanda basi lile, anastahili kuambiwa hivyo kwa sauti, na mumewe awe wa kwanza kumwambia.

Hospitali kabla ya hoteli

Watu wakipanga mapumziko hutazama kwanza picha za vyumba. Mjamzito na mwenzake waanze na hospitali, kisha watafute chumba karibu nayo. Zahanati haitoshi. Mnatafuta mahali penye uwezo wa kumfanyia mama upasuaji saa yoyote, penye damu ya kuongeza, na penye wodi ya watoto njiti. Kipimo changu mimi ni mwendo wa saa moja, usiku ukiwemo. Kisiwa kizuri chenye boti ya mwisho saa kumi na moja jioni hakimo kwenye kipimo hicho, hata kiwe na mchanga mweupe namna gani. Pigeni simu. Ulizeni hotelini kama kuna gari usiku na dereva analala wapi.

Wodi ya njiti naitaja kwa makusudi. Kuanzia wiki ya 24 hivi, mtoto akizaliwa mapema ana nafasi ya kuishi iwapo atapata joto, hewa na uangalizi wa wataalamu ndani ya dakika za mwanzo. Nafasi hiyo huongezeka kwa kila wiki inayopita. Mahali pasipo na vifaa hivyo, mtoto huyohuyo hana nafasi. Hata akipona, anaweza kukaa hospitalini wiki nyingi, mara nyingi hadi karibu na tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Siku nne za mapumziko huwa miezi mitatu au zaidi katika mji msiomjua mtu. Uwezekano ni mdogo kwa mimba iliyo salama, na sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu jambo hili moja hubadilisha uchaguzi wa mahali, na kulifikiria mapema hakugharimu kitu.

Hapa ndipo bima inapoingia, nayo isomwe kwa macho ya uangalifu. Bima nyingi za safari zinalipia tatizo la mimba la ghafla lakini zina wiki ya mwisho ambayo baada yake hazihusiki. Nyingine hazimhesabu mtoto anayezaliwa safarini, kwa kuwa siku mliponunua bima hakuwa mtu aliyeandikwa. Ulizeni kwa maandishi: tatizo la mimba mnalipia hadi wiki ya ngapi? Mtoto akizaliwa huko, gharama zake ni zenu au zetu? Mapacha mnawahesabu vipi? Tukiahirisha safari kwa ushauri wa daktari, tunarudishiwa nini?

Kadi ya kliniki isibaki nyumbani. Ipigeni picha kurasa zote na kila mmoja awe nazo kwenye simu yake. Daktari asiyekujua atataka kuona tarehe yako ya matarajio, vipimo vya damu na mkojo, presha zako za nyuma, dawa unazotumia, na kundi lako la damu. Kundi la damu lina uzito wake: mama mwenye damu hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa kama O-, akianguka na kugonga tumbo, au akitokwa damu, huenda akahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72. Sindano hiyo huzuia mwili wake kutengeneza kinga itakayoshambulia damu ya mtoto, hasa wa mimba zijazo. Mume ambaye hajui kundi la damu la mkewe ajifunze leo.

Njiani

Gari ni rahisi kuelezea. Mkanda unafungwa siku zote, katika mimba ya wiki yoyote. Ule wa chini unapita chini ya tumbo, umekaa kwenye mifupa ya nyonga, kamwe si juu ya tumbo. Ule wa juu unapita katikati ya matiti na kushuka pembeni mwa tumbo. Wengi huacha mkanda kwa kuogopa kumbana mtoto, na hapo ndipo wanapomweka hatarini, kwa sababu kinachomuua mtoto katika ajali mara nyingi ni kuumia kwa mama au kondo kubanduka kwa pigo. Ukiendesha mwenyewe, sogeza kiti nyuma hadi tumbo liwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi. Puto la usalama (airbag) liache lifanye kazi yake. Halizimwi kwa sababu ya mimba. Na simameni kila baada ya saa mbili, mtembee.

Treni haina mengi ya kusema: unaweza kusimama, kutembea na kwenda msalani, na kwa mjamzito hayo ni mengi.

Ndege ndiyo iliyozungukwa na hofu nyingi. Ya kwanza ni hewa. Ndege kubwa ikiwa angani, hewa ya ndani huwekwa katika mgandamizo unaolingana na kuwa mlimani kwenye kimo kisichozidi mita 2,400 hivi. Oksijeni ya mama hupungua kidogo. Mtoto haathiriki kwa kiasi hicho, kwa sababu damu yake ina aina ya himoglobini inayonasa oksijeni kwa nguvu kuliko ya mtu mzima. Amezoea kuishi kwa oksijeni kidogo tangu mwanzo, na umbile lake limejiandaa kwa hilo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ugonjwa wa moyo au mapafu, hana akiba hiyo, ndiyo maana yeye huhitaji kuonwa na daktari kwanza.

Ya pili ni mionzi. Mionzi kutoka angani ipo, na huongezeka kadiri unavyopaa, lakini kiasi anachopata abiria wa safari moja au mbili ni kidogo mno kumdhuru mtoto. Wanaolazimika kuhesabu ni marubani na wahudumu wanaoruka kila wiki. Lango la kawaida la ukaguzi uwanjani halitumii mionzi ya eksirei kwa abiria. Hutambua chuma kwa sumaku. Pita bila wasiwasi, au omba ukaguliwe kwa mkono kama moyo hautulii.

Hatari ya kweli angani wengi hawaitaji: miguu. Mimba huifanya damu igande upesi zaidi, maandalizi ya mwili dhidi ya kutokwa damu siku ya kujifungua. Wakati huohuo mji wa mimba hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, zaidi ule wa kushoto. Kwa sababu hizo, mjamzito ana uwezekano wa mara nne hadi tano wa kupata donge la damu kwenye mishipa kuliko mwanamke asiye na mimba. Mkalishe kwenye kiti chembamba kwa zaidi ya saa nne, bila kusogea, bila maji, na uwezekano unapanda tena. Donge likimeguka na kwenda mapafuni linaweza kuua. Kinga yake ni ya kawaida kabisa: kaa kiti cha pembeni mwa njia, simama kila saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji kwa sababu hewa ya ndegeni ni kavu mno, na kwa safari ndefu vaa soksi za kubana zilizopimwa mguu wako. Mwenzako asiache hilo liwe jukumu lako peke yako. Asimame nawe.

Kanuni za mashirika hutofautiana, kwa hiyo soma ya shirika lenu. Kwa kawaida, baada ya wiki ya 28 wanataka barua ya daktari au mkunga inayotaja tarehe ya matarajio na kuthibitisha kuwa mimba haina tatizo. Mengi hayampandishi mwenye mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, na mwenye mapacha baada ya ya 32. Sababu si kwamba ndege huanzisha uchungu. Ni kwamba kujifungulia angani, bila daktari wala chumba cha upasuaji, hakuna anayekutaka.

Meli za utalii ni kali zaidi: nyingi hazimpokei mwenye wiki 24 au zaidi, na hesabu hiyo hufanywa kwa siku ya mwisho ya safari.

Mbu kwanza, mengine baadaye

Katika kuchagua mahali, jambo lenye uzito kuliko yote ni mdudu mdogo. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2000 uligundua kuwa wajawazito walivutia mbu wa malaria mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Mjamzito anatoa pumzi nyingi zaidi, na ngozi ya tumbo lake ina joto zaidi, na mbu hufuata vyote viwili. Vimelea vikiingia, hupata maficho ambayo mtu mwingine hana: kondo la nyuma. Hujishikiza humo, huzuia chakula cha mtoto, na matokeo yake ni mama kuishiwa damu, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au kufia tumboni. Aliyekulia penye malaria na kujijengea kinga kiasi huipoteza kinga hiyo kwa sehemu anapobeba mimba, hasa mimba ya kwanza. Kinga uliyoizoea usiitegemee.

Kwa hiyo, kama mnaweza kuchagua, chagueni mahali pasipo na malaria. Kama hamwezi, chandarua chenye dawa ni cha lazima, nguo ndefu jioni, na dawa ya kupaka yenye DEET, ambayo mjamzito anaruhusiwa kuitumia kwa kufuata maelekezo ya chupa. Vidonge vya kujikinga vichaguliwe na daktari: doksisaiklini na primakwini hazimfai mjamzito, nyingine zipo zinazofaa. Kama kliniki inakupa dozi za SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, hakikisheni tarehe ya dozi haiangukii katikati ya safari.

Mbu wa malaria huuma usiku. Mbu anayeeneza Zika huuma mchana, na chandarua hakikuokoi naye. Zika ni homa nyepesi kwa mtu mzima, mara nyingi hata haitambuliki, lakini kwa mtoto aliye tumboni inaweza kuzuia ubongo kukua. Ulimwengu uliamka kulitambua hilo baada ya mlipuko wa Brazil, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Kwa wapenzi wawili kuna jambo la ziada ambalo husahaulika: Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, na virusi hukaa kwenye manii ya mwanamume kwa muda mrefu. Kama mume amefika eneo lenye Zika, hata kama alikwenda peke yake kikazi na mke akabaki nyumbani, watumie kondomu au wasubiri hadi mtoto azaliwe.

Chanjo ya homa ya manjano ni fundo jingine. Imetengenezwa kwa virusi hai waliodhoofishwa, na kwa kawaida wajawazito hawapewi. Nchi nyingine zinaidai mpakani. Kama uliwahi kuchanjwa zamani, cheti chako sasa ni cha maisha, kwani sheria ya miaka 10 ilifutwa Julai 2016. Kama hukuchanjwa, daktari anaweza kukuandikia barua ya msamaha. Lakini barua inafungua mpaka tu, haimzuii mbu. Ikiwa ugonjwa upo kweli huko mnakokwenda, badilisheni mahali.

Chakula na maji: kilichoiva na kikaletwa kikiwa moto, maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, maziwa yaliyochemshwa. Kuna bakteria aitwaye listeria anayekua hata ndani ya friji, na mjamzito huambukizwa naye takriban mara 10 zaidi ya watu wengine. Mama anaweza kuhisi mafua tu, kumbe mtoto yuko hatarini. Hepataitisi E, inayoenezwa na maji machafu, ni mbaya zaidi: katika miezi mitatu ya mwisho, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, inaweza kuua hadi robo ya wajawazito walioipata. Bebeni pakiti za ORS. Kuharisha kwa siku moja hakumdhuru mtoto, kuishiwa maji ndiko kunakomdhuru. Kwa maumivu na homa bebeni parasetamoli; ibuprofeni iacheni nyumbani, maana kuanzia wiki ya 20 inaweza kudhuru figo za mtoto.

Milima mirefu, ya zaidi ya mita 2,500, isiwe mahali pa kulala kwa mtu aliyetoka bondeni jana yake.

Mkishafika

Mimi na mume wangu tulisafiri siku tatu katika wiki ya 23 ya mimba yetu ya pili. Tulikuwa na orodha ya mambo ya kufanya kila asubuhi na kila jioni. Nililala karibu nusu ya muda wote, na siku ya kwanza nilihuzunika, nikidhani nimeiharibu safari. Jioni ya pili, nikiwa nimejilaza kwa ubavu, mtoto alicheza kwa nguvu, mume wangu akaweka kiganja na kwa mara ya kwanza akamsikia. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Tangu hapo mimi humwambia kila anayeniuliza: pangeni jambo moja kwa siku, na hilo nalo liweze kuachwa. Wiki za ishirini na kitu ndizo ambazo mkono wa nje huanza kumhisi mtoto, na hilo pekee ni sababu nzuri ya kuwa wawili mahali pasipo na simu za kazini.

Tendo la ndoa watu huliogopa kimyakimya, wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake hataki. Katika mimba isiyo na matatizo halimdhuru mtoto. Yumo ndani ya chupa ya maji, nyuma ya mlango wa mji wa mimba uliofungwa na ute mzito. Uume haumfikii. Tumbo kukaza kwa muda baada ya mama kufika kileleni ni kawaida na hutulia. Wanaokatazwa ni wale wenye kondo lililoziba mlango, waliotokwa damu, ambao chupa imepasuka, au walioambiwa mlango wao umelegea. Kwingine kote kinachohitajika ni mkao usiobana tumbo na mazungumzo ya wazi. Na kama mmoja hana hamu, kulala mmekumbatiana nako ni mapumziko.

Kuogelea ni raha kubwa kwa mwili mzito, kwa sababu maji yanaubeba. Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, hapana, wala kidogo. Mpiga mbizi anapopanda juu, viputo vya hewa hutokea kwenye damu, na mapafu ya mtu mzima huvichuja. Damu ya mtoto karibu yote haipiti kwenye mapafu yake, kwa hiyo viputo vyake havina chujio. Kuelea juu ya maji kwa miwani na mrija kunaruhusiwa.

Jakuzi na sauna ziacheni. Joto la mwili wa mama likipanda hadi nyuzi 39 au zaidi katika wiki za mwanzo, huhusishwa na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, na baadaye humletea mama kizunguzungu na kuanguka. Maji ya uvuguvugu bafuni yanatosha. Ukikandwa mwili, mwambie mkandaji una wiki ngapi na ulale kwa ubavu. Ukilala chali kwa muda mrefu, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, presha inashuka na unahisi kuzirai.

Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba dalili fulani hazijadiliwi: kutokwa damu, maji kuvuja ukeni, tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu, homa, kigimbi kimoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au mtoto aliyekuwa anacheza kunyamaza. Hapo mnakwenda hospitalini muda uleule. Hamsubiri asubuhi, hamuulizi ndugu kwa simu, hamfikirii chumba kilicholipiwa. Afadhali kurudi saa nane usiku mkiambiwa kila kitu ni salama.

Safari haiishi siku mnayofungua mlango wa nyumbani. Donge la damu laweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kushuka kwenye ndege, hivyo mguu mmoja unaovimba mwezi unaofuata bado unahusu safari ile. Homa nayo ni hivyohivyo. Ukishikwa na homa baada ya kutoka penye malaria, sentensi ya kwanza kumwambia daktari iwe kwamba mlisafiri, wapi na lini. Vimelea vinavyojificha kwenye kondo huenda visionekane katika tone la damu la kidoleni, na kipimo cha kwanza kikarudi kisafi wakati mama anaumwa. Usirudi nyumbani na jibu hilo moja. Omba upimwe tena kesho yake, na mwenzako akupeleke.